Viroboto Katika Nyumba za Kupanga: Tadbiri ya Kuwaondoa

Katika udhia unaomfika mpangaji wa Kibera au Kawangware umo mmoja ambao watu huusitiri kwa haya, nao ni udhia wa viroboto. Mtu humweleza jirani yake waziwazi kwamba bati linavuja, kwamba maji yamekatika tangu juzi, hata kwamba kodi ya mwezi huu imemshinda. Lakini kumwambia kwamba watoto wake wamekesha wakijikuna miguu ni neno linalomkwama kooni, kwa kuwa watu wamezoea kudhani kwamba viroboto ni ushahidi wa uchafu wa mwenye nyumba. Dhana hii si ya haki, na ndiyo inayowapa viroboto umri mrefu. Kiroboto hutafuta damu, na pahali pa kulelea wanawe. Vitu hivyo viwili huvipata katika zulia zito la nyumba ya Lavington kama anavyovipata katika sakafu ya udongo ya Gatwekera, Kibera. Tofauti ni kwamba wa Lavington humwita mtu wa dawa kwa simu, na wa Gatwekera hupigana peke yake, kwa siri, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi ambacho ukuta wake ni ukuta wa jirani vilevile.

Kabla ya kutoa shilingi moja kununua dawa, hakikisha kwanza adui ni nani, maana kunguni nao ni wengi Nairobi, na tadbiri ya mmoja haimfai mwenziwe. Kunguni hukaa kitandani, katika mishono ya godoro na viungo vya mbao. Hutoka usiku, humuuma aliyelala mikononi, shingoni na mgongoni, huacha madoa meusi juu ya shuka, wala hana uwezo wa kuruka. Kiroboto huuma usiku na mchana, naye aghalabu huuma chini: kwenye vifundo vya miguu, kwenye muundi, na kiunoni pale nguo inapobana. Ukitaka yakini, vaa soksi nyeupe zinazofika magotini, utembee polepole chumbani, hasa kando ya kitanda, mbele ya kochi na pale paka anapopenda kujikunja, kisha usimame mlangoni penye mwanga uitazame miguu yako. Wakiwamo utawaona juu ya ule weupe: wadudu wa rangi ya kahawia iliyokoza, wadogo, wembamba kwa ubavu, wasiopondeka kwa ncha ya kidole mpaka wabanwe kwa kucha mbili.

Sasa nakuomba, msomaji, usiwe na haraka ya kufika kwenye dawa, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza hapa ndilo linalopambanua wanaoshinda na wanaoshindwa. Kiroboto unayemwona akiruka ni sehemu ndogo tu ya jeshi zima. Wajuzi wa elimu ya wadudu hukadiria kwamba katika nyumba iliyoingiliwa, waliokwisha kukomaa ni kama 5 katika kila 100, na 95 waliosalia ni mayai, mabuu, na mabuu waliojifungia katika vifuko. Jike akishakunywa damu ya paka au mbwa huweza kutaga mayai 40 hata 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya, bali hudondoka popote mnyama apitapo na hasa alalapo. Baada ya siku chache, kwa kadiri ya joto, hutoka buu mweupe mwembamba, asiye na miguu wala macho, anayeukimbia mwanga na kujipenyeza chini ya vumbi, ndani ya nyufa, chini ya ukingo wa mkeka. Humo hula uchafu wa sakafuni, na hasa kinyesi cha wazazi wake, ambacho ni damu iliyokauka. Akishashiba na kukua hujisokotea kifuko cha nyuzi chenye kunata, kikajipaka mchanga na vumbi hata kisitambulikane na sakafu yenyewe, na ndani ya kifuko hicho hugeuka kiroboto kamili, kisha hungoja.

Kungoja huko ndiko asili ya balaa lote. Ndani ya kifuko dawa nyingi hazimfikii, wala njaa haimwui upesi. Anaweza kukaa wiki moja, na anaweza kukaa miezi mitano, na hana haraka ya kutoka mpaka ahisi ishara ya kiumbe hai: mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, pumzi. Ndipo hutoka mara moja, naye ana njaa. Kwa ajili hii mtu hupiga dawa Jumamosi, akalala salama Jumapili na Jumatatu, na ifikapo wiki ya pili akaona viroboto tena, akaapa kwamba dawa ile ilikuwa maji matupu au kwamba pana mtu aliyemfanyia jambo. Kumbe dawa ilifanya kazi yake, na hawa ni wengine, waliokuwa wamejifungia ndani ya vifuko siku ileile alipokuwa akinyunyiza. Nairobi nayo, iliyoinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, ina baridi ya Juni hadi Agosti inayowachelewesha kukua pasipo kuwaua, basi vita vilivyoanza Julai huwa virefu kuliko vile vya Januari.

Kwa hiyo vita hivi ni vya sakafu na kalenda kwanza, na dawa ni msaidizi wake.

Chagua siku ya jua, uianze asubuhi na mapema, utoe nje kila kinachotoleka: godoro, blanketi, mapazia, vitambaa vya kochi, mifuko ya nguo iliyosukumwa chini ya kitanda tangu Krismasi. Vinavyofulika vifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, maji ambayo mkono hauwezi kuyavumilia. Najua kwamba huku maji hununuliwa kwa mtungi na kuyachemsha ni gharama ya pili, basi asiye na uwezo wa kufua vyote aanze na vile wanavyolalia watoto na vile anavyolalia mnyama, maana humo ndimo mayai yalimo kwa wingi. Vilivyobaki avikung'ute mbali na mlango, avianike juani kutwa, na kuvigeuza pande zote. Kochi lipinduliwe, na mikunjo yake ifagiliwe kwa brashi, kwa sababu paka akishalala pale mara mbili tatu, pale pamekuwa kitalu.

Ndipo uirudie sakafu. Usifagie kukavu ukapeleka vumbi kwenye mlango wa jirani. Nyunyiza maji kidogo, fagia kutoka kwenye kuta kuja katikati, taka yote uitie katika mfuko, uufunge, uutoe nyumbani siku hiyohiyo. Katika nyumba nyingi za mabati za Kawangware sakafu ni saruji iliyopasuka, na juu yake imetandikwa karatasi ya plastiki yenye maua, ambayo mama wa nyumba huipiga deki kila siku hata ikang'aa. Iinue ukingo wake ule ulio chini ya kitanda. Utaona vumbi lenye unyevu, na ndani yake punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Chukua punje chache, uziweke juu ya tishu nyeupe iliyoloweshwa, ungoje kidogo: zikichuja rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu, yaani akiba ya chakula cha mabuu, na wewe umekipata kitalu chenyewe. Karatasi hiyo itolewe nje nzima, ioshwe pande zote mbili, na isirudishwe mpaka nyufa za saruji zimezibwa na sakafu imekauka.

Nyumba za udongo za Kibera zina shida yake na zina nafuu yake. Shida ni kwamba sakafu ya udongo hutoa vumbi kila siku na kupasuka kila kiangazi. Nafuu ni kwamba hutengenezeka kwa mkono: udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, ukasiribwa juu ya sakafu yote na hasa pale ukuta unapokutana na sakafu, huzika mayai na mabuu kwa maelfu na kuwanyima wajao mahali pa kujificha, kwa gharama ya jasho tu. Ama yale maboksi na vitambaa ambavyo watu huvitandaza ukutani kuzuia baridi na kuipamba nyumba, sisemi vitolewe vyote; lakini vikatwe chini, visiguse sakafu, kwa kuwa nyuma yake vumbi hukaa miaka pasipo kufikiwa na fagio.

Mnyama atendewe siku ileile, si kesho yake. Mwenye mbwa humjua mbwa wake. Bali paka wa mitaa hii hana bwana mmoja, hula kwa huyu na hulala kwa yule, na kila anapolala huacha amana. Aliye mpole achanwe kwa kile kitana cha meno ya karibu kitumikacho kwa chawa, hasa shingoni na juu ya mkia, na kitana kichovywe kila mara katika maji ya sabuni. Mbwa aoshwe kwa sabuni kuanzia shingoni, ili viroboto wasikimbilie kichwani na masikioni maji yanapoteremka. Kisha atafutiwe dawa yake mwenyewe kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo huko Kabete, si mbali na Kawangware, na chama cha kuwatetea wanyama, KSPCA, kipo Barabara ya Lang'ata kuelekea Karen. Nasisitiza dawa yake mwenyewe kwa sababu nimeona ujuzi mwingi wa barazani ukiua wanyama. Dawa ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka, humtia mtetemeko na huweza kumwua. Dawa ya josho la ng'ombe imekusudiwa kupe, na kumpaka paka ni kumdhulumu. Kitunguu saumu walichoambiwa watu wamlishe mbwa ili damu yake iwachukize viroboto humharibia mnyama hiyo damu yenyewe, na viroboto wakaendelea kunywa. Vitoto vichanga vya paka na mbwa vichanwe na kuoshwa tu, navyo viangaliwe ufizi: ufizi ukiwa mweupe, viroboto wamekwisha kunywa kupita kiasi, na hiyo ni dharura. Mwenye kuwalaza kuku ndani kwa kuogopa wezi naye awatazame kando ya macho na kwenye upanga, maana yupo mwana wa kabila hili la viroboto anayejishikiza pale kama kupe asiachie. Matibabu ya mnyama yaendelee miezi mitatu mfululizo. Mnyama mwenye dawa mwilini huwa mtego utembeao, kila atokaye katika kifuko humrukia akafa.

Nakuja sasa kwenye dawa za nyumba, na hapa nina ukali kidogo. Kila siku hupita katika vichochoro hivi wachuuzi wenye vipaza sauti wakitangaza dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto, zote katika kichupa kimoja kisicho na jina. Ndani ya kichupa hicho huweza kuwamo dawa ya shambani iliyopunguzwa makali au isiyopunguzwa kabisa, na hakuna mtu atakayeweza kumwambia daktari mtoto wako amekunywa nini. Kenya ina sheria ya mambo haya tangu mwaka 1982, na iko bodi inayosajili kila dawa ya wadudu. Dawa iliyosajiliwa huandikwa herufi PCPB na namba yake juu ya lebo. Nunua yenye alama hiyo, dukani, ikiwa imefungwa, na iwe imetaja viroboto miongoni mwa wadudu inaowaua. Kwa nyufa na kingo, unga hufaa zaidi kuliko maji. Ukibahatika kupata yenye methoprini au piriproksifeni, hiyo ni bora, kwa kuwa huwazuia mabuu wasikomae, na ndio wengi. Pareto, ua jeupe lililoipatia Kenya sifa duniani na kuwalisha wakulima wa Molo na Kinangop, huangusha kiroboto kwa muda mfupi sana, lakini nguvu yake hupotea upesi juani, basi usiitegemee kulinda kizingiti.

Unga utiwe katika nyufa, chini ya kitanda, nyuma ya kochi, kando ya kuta. Usitiwe juu ya godoro, wala nguo, wala, Mungu apishe mbali, kichwani mwa mtoto. Kiroboto hakai mwilini mwa binadamu. Hunywa akaondoka, hivyo kumpaka mtoto sumu ni kumwadhibu asiye na hatia. Mitungi ya maji na vyombo vya kulia vitoke kwanza, watoto washinde nje mpaka vumbi lote litulie, na mlango uwe wazi, hasa katika vyumba visivyo na dirisha. Wale wanaomwaga mafuta taa au petroli sakafuni wajue kwamba moto wa chumba kimoja Kibera ni moto wa mstari mzima. Chumvi, ambayo watu huisifu sana, huvuta unyevu wa hewa ikageuka tope wakati wa mvua. Sina imani nayo.

Kisha zinakuja wiki zinazowachosha watu. Kwa muda wa wiki mbili za kwanza fagia kila siku, na usione uchungu kukanyaga pembe zote, maana unataka mtikisiko uwatoe waliojifungia wakati dawa ingali na nguvu. Usihame chumba ukalala kwa ndugu. Ukihama watangoja urudi. Matandiko yafuliwe kila wiki. Dawa irudiwe baada ya siku saba hadi kumi, kama lebo inavyoruhusu. Usiku weka sahani pana ya maji yenye matone ya sabuni sakafuni, na juu yake taa ya sola au tochi, si mshumaa wala koroboi. Kiroboto hurukia joto na mwanga, na maji ya sabuni hayamshikilii juu kama maji matupu, huzama. Sahani hiyo haitawamaliza, lakini itakupa hesabu. Waliozama wiki hii wakiwa wachache kuliko wa wiki iliyopita, unashinda, hata kama miguu ingali inawasha.

Lakini ikiwa hesabu haipungui, tazama nje ya chumba chako. Katika ploti yenye vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, aliyepiga dawa peke yake amewasafishia wengine njia ya kurudi. Hapa ndipo ile haya niliyoitaja ivuliwe, na wala haihitaji mkutano, yatosha kusema bombani, "Mama nani, hawa wadudu wametuingilia sote. Tufanye Jumamosi, tutoe vyombo pamoja, dawa tuchange." Aghalabu atashusha pumzi, kwa kuwa naye alikuwa akificha. Mwenye ploti naye ana sehemu yake, hasa kwa chumba kilichohamwa. Mpangaji mwenye paka akiondoka, chumba kikakaa kitupu mwezi mzima, vifuko hubaki vimenyamaza. Siku mgeni aingiapo na godoro lake, hatua zake za kwanza huwaamsha wote kwa pamoja, naye hudhani amewaleta. Basi anayetafuta chumba asitoe amana kabla ya kuingia na soksi zake nyeupe na kukanyaga kwa nguvu pembe nne, na akiwaona amwambie msimamizi wa ploti pale pale, wakati fedha ingali mfukoni mwake.

Limebaki la panya, ambalo watu hulianza kinyume. Mwenye panya na viroboto pamoja hukimbilia sumu ya panya. Panya wakafa darini na chini ya sakafu, na viroboto wao, damu ya mwenyeji ikishapoa, wakashuka kumtafuta mwenyeji mwingine, naye ni mtu aliyelala. Waliopigana na tauni walijifunza kwa gharama kubwa kwamba viroboto huuawa kwanza, au pamoja na panya, na kamwe si baadaye. Nairobi yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu ilipoingiwa na tauni mwaka 1902, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa amekwisha kuonyesha huko Karachi, mwaka 1898, kwamba kiroboto wa panya ndiye mjumbe wa maradhi hayo, lakini wengi walikuwa hawajamsadiki. Hatuna tauni Kibera leo, ila tusidhani ni habari ya kale tu, kwani Lushoto, Tanzania, iliteswa nayo tangu mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka ishirini. Na panya wa Kibera wanayo mengine: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta na vimelea vya leptospira, basi panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu.

Mwasho wa kawaida hutulizwa kwa maji baridi na losheni ya kalamini, na kucha za watoto zikatwe fupi, kwa kuwa kidonda cha kujikuna ndicho kinachowapeleka wengi zahanati. Mtoto anayecheza na paka mwenye viroboto huweza kummeza mmoja pasipo kujua akapata tegu. Ukiona vipande vyeupe mfano wa punje za mchele katika choo chake, mpeleke apewe dawa. Ama homa kali inayokuja ghafla katika nyumba yenye viroboto, ikifuatana na kichwa kuuma sana, au vipele, au mtoki uliovimba na kuuma, isitibiwe kwa vidonge vya dukani. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukifika mbele ya daktari mwambie, hata asipokuuliza, kwamba nyumbani mna viroboto, na kama panya wamekuwa wakifa wenyewe bila ya mtu kuwawekea sumu, mwambie hilo pia, naye Bwana Afya wa mtaa wako apelekewe habari.